Aliyekataa Kumlilia Farao

Ndugu waombolezaji, majirani zetu wa mtaa wa wafyatua matofali wa Trei Plopi, baba padri, na ninyi nyote mliovuka mto Olt na matope haya ya Aprili kuja kumsindikiza mama yetu, familia imempa Ilinca, mtoto wa kwanza wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha yake, naye kabla hajaanza anawaomba wale wa nyuma wanaoulizana ile ngano ya matanga iliyochemshwa kwa asali itagawiwa saa ngapi wanyamaze kidogo, ngano ipo, haina miguu, na marehemu hakuwahi kumvumilia mtu anayezungumza wakati kunasomwa jambo, hasa jambo ambalo mtu huyo bado hajalielewa.

Marehemu Voica binti Oprea alizaliwa tarehe 28 Machi mwaka 1836, siku ya Jumamosi Kuu, katika baraza ya kanisa la Monasteri ya Trei Plopi, akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Baba padri aliliona jambo hili jana akatutaka tulirekebishe, akasema hakuna binadamu anayezaliwa na miaka kumi na mitatu, nasi tukamjibu kwamba tunajua, tulikuwepo marehemu alipoagiza, tulibishana naye jioni nzima tukashindwa, kama tulivyoshindwa siku zote, kwa hiyo tunasoma alivyotaka mwenyewe na sababu yake mtaisikia. Kwa wale wanaopenda hesabu ya kawaida, alitoka tumboni mwa mama yake Stanca, mke wa Oprea mfyatua matofali, ndani ya kibanda kilichochimbwa nusu ardhini nyuma ya tanuri, majira ya kuvuna plamu mwaka 1822, akiwa mtoto wa pili baada ya kaka yake Mihai, na wote wanne, baba, mama na watoto, walikuwa mali ya monasteri, pamoja na tanuri lenyewe, kinu, mizinga ya nyuki na msitu mpaka juu kilimani.

Alilelewa katika imani ambayo wazee mliopo hapa mnaijua vizuri, na wengine, Mungu awape akili, mnaishikilia mpaka leo, kwamba sisi Warom ni uzao wa jeshi la Farao, wale waliowafukuza Waisraeli mpaka baharini, na kwamba Mungu kwa hasira yake alitufanya watumwa kizazi hadi kizazi, hivyo kila Jumamosi Kuu, kisomo cha kuvuka bahari kilipofika, watumwa wote waliokuwa barazani, maana ndani hawakuruhusiwa, walipiga magoti kwenye matope, wakajipiga vifua, wakamlilia Farao na kumwombea msamaha, na ibada ikiisha mtawa wa ghala aliwapa kila mmoja kata ya divai na yai jekundu la Pasaka. Stanca alilia kuliko mtaa mzima, watawa walikuwa wakimtolea mfano, na Voica naye alilia, ila yeye aliwalilia farasi, akisema farasi hawakumkosea mtu yeyote.

Mwaka 1832, siku chache baada ya Krismasi, abati, mkuu wa watawa, alimtoa Mihai, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, awe zawadi ya harusi kwa mwana wa bwana mmoja wa ng'ambo ya mto, naye akaondoka amekalishwa nyuma ya kigari cha theluji katikati ya mapipa mawili ya asali, na Stanca hakumlaumu abati wala bwana harusi, alimvuta binti yake kando akamwambia, "Usilie sana mwanangu, hiyo ni dhambi ya Farao, kila nyumba ina fungu lake, letu ndilo hilo," na Voica alikubali, angekataa vipi, alikuwa mtoto wa miaka kumi na hakuna aliyekuwa amemwambia kitu kingine.

Kuhusu elimu, marehemu hakuingia shule yoyote, shule yake ilikuwa jiwe la kusagia rangi. Baada ya Pasaka ya mwaka 1835 monasteri ilimleta mchoraji wa makanisa kutoka mjini, jina lake Dragomir, mtu wa maneno mengi na pombe ya plamu nyingi zaidi, aje kuchora kuta za baraza, akaomba mtoto mwenye mikono midogo wa kumsagia rangi, akapewa Voica, na ili Voica asimletee nyekundu alipotaka kahawia ilibidi amweleze kila picha ni ya nani na inasema nini, jambo lililomchosha Dragomir kuliko kazi yenyewe, kwa sababu kila jibu alilotoa lilizaa maswali manne, mpaka akawa anampigia kelele kutoka juu ya jukwaa, "We mtoto, ulizaliwa au uliulizwa? Saga!" Naye alisaga, huku anauliza, na kuuliza si ujinga, alizoea kutuambia hivyo sisi wanawe tulipokuwa tumechoka naye.

Ukuta wa kushoto ulipangiwa habari za Waisraeli kule Misri, na hapo Dragomir alikwama, maana maandiko yanasema Waisraeli walifyatua matofali ya udongo na majani makavu, naye mtu wa mjini alikuwa hajawahi kuona tofali likifyatuliwa, kwa hiyo akamwomba abati ruhusa, akawaita Oprea na wanaume wengine wa mtaa waje barazani na kalibu zao, wakakanyaga udongo, wakainama, wakafyatua, wakabeba, naye akawachora jinsi walivyo, migongo yao, mashavu yao, hata kidole cha Oprea kilichokatika, na kwa kuwa alihitaji pia mtu wa kuwasimamia Waisraeli kwa fimbo, alimchora msimamizi wetu wa tanuri, aliyekuja mwenyewe na fimbo yake amechana ndevu. Mtaa mzima ulifurahi. Ndugu waombolezaji, mtaa mzima ulifurahi, watu walikuja na watoto mgongoni kutazama, wakacheka, wakamwambia Oprea, "Ee bwana, umetoka vizuri kuliko ulivyo!" na msimamizi alikuwa akipita pale kila siku kujitazama, na abati alisifu kwamba kazi ina uhai, na hakuna hata mmoja kati yao wote, walioweza kusoma na wasioweza, aliyejiuliza kilichokuwa mbele ya pua yake.

Voica alijiuliza. Alikuwa amebeba bakuli la rangi ya kahawia, aliyoisaga kwa udongo wa shimo lilelile la baba yake, akasimama chini ya jukwaa akauliza, "Bwana Dragomir, baba yangu hapo ni nani?" naye akajibu kwamba ni Mwisraeli, haoni anafyatua matofali, akauliza tena, "Na Farao ni yupi?" akaambiwa ni yule pale juu aliyekaa, mwenye joho la dhahabu, asiyeshika kitu, akauliza kwa mara ya tatu, "Sasa sisi tukiwa ndio watu wa Farao, mbona tofali tunafyatua sisi?" Dragomir alicheka, halafu akaacha kucheka, akatazama ukutani, akatazama nyuma yake kama kuna mtawa, akamwambia kwa sauti ndogo, "Saga rangi, mtoto, mimi kwetu wananisubiri nirudi salama." Hilo ndilo jibu pekee alilopewa, nalo lilimtosha.

Marehemu alitusimulia kwamba usiku huo hakuwaza habari za Waisraeli hata kidogo, alimwaza Mihai, kwa sababu ikiwa sisi si watu wa Farao, basi Mihai hakuchukuliwa kwa dhambi yoyote, hakukuwa na fungu wala adhabu ya Mungu, alichukuliwa tu, kama asali, na watu waliomchukua walikuwa na majina na walikuwa wanakula ugali wao vizuri hatua chache kutoka pale alipolala yeye. Alisema hasira aliyoipata haikuwahi kupoa, na sisi tulioishi naye tunathibitisha kwamba haikupoa.

Basi tarehe 28 Machi mwaka 1836, Jumamosi Kuu, kisomo kilipofika kwenye bahari, watumwa wote wa Trei Plopi walipiga magoti chini ya picha ya baba zao wakifyatua matofali ya Farao, wakaanza kumlilia Farao, na Voica alibaki amesimama. Mama yake alimvuta sketi akimwambia, "Piga magoti, we mtoto, unataka kutuua?" na yeye akasema kwa sauti ambayo mlango wa kanisa haukuweza kuizuia, "Mama, tunamlilia mwenye fimbo! Tazama ukuta!" nao hawakutazama ukuta, walimtazama yeye. Kwa kosa hilo alivishwa pingu ya chuma yenye miba shingoni mpaka Pentekoste, na kovu lake mmeliona jana mlipomuaga, na hiyo ndiyo siku aliyotaka iandikwe kuwa siku aliyozaliwa.

Kazi yake ilikuwa kufyatua matofali, kabla ya pingu na baada ya pingu, lakini kazi aliyoifanya kwa moyo wote ilikuwa kuwaeleza watu, naye aliifanya kisimani, shimoni, harusini na matangani, na kwa kweli ilikuwa kutwanga maji kwenye kinu, maana waliomsikiliza walimjibu kwamba hayo ni mambo ya wasomi, au kwamba divai ya Jumamosi Kuu itapotea, au kwamba watawa wanatulisha, kana kwamba huo ugali waliulima watawa. Wapo hapa leo waliosema maneno hayohayo asubuhi ya leo, tumewasikia, na tungewataja kwa majina isipokuwa marehemu yupo mbele yetu na jeneza liko wazi. Wako pia mabibi zetu ambao kila mwaka huwasha mshumaa na kubusu pindo la joho la Farao pale ukutani, wakidhani ni mtakatifu kwa sababu ana dhahabu nyingi, na marehemu aliwaambia, akawaonyesha kwa kidole, akawashika mabega akawageuza upande wa Oprea, nao walisema asante mama, wakambusu Oprea, kisha wakarudi kumbusu Farao ili asinune.

Kuhusu ndoa, marehemu aliposwa mwaka 1838 na Barbu mhunzi, mtumwa mwenzake wa monasteri, akampenda tangu siku ya kwanza na akamkataa siku hiyohiyo, akimwambia kwamba hazai mtoto wa kupakiwa na asali, asubiri, na Barbu alipouliza asubiri nini akaambiwa hata mimi sijui, subiri tu. Marehemu baba yetu alisubiri miaka tisa akilalamika kila mwaka, alikuwa akisimama mlangoni pa kibanda na kusema, "Bibie, wenzangu wana wajukuu," naye anamjibu kutoka ndani, "Wajukuu wa nani, Barbu? Wa kwao au wa abati?" na baba anarudi kufua chuma mpaka mtaa mzima haulali. Mwezi Februari mwaka 1847 sheria ikawaweka huru watumwa wote wa makanisa na monasteri, na Jumapili tarehe 6 Aprili mwaka huohuo wakafunga ndoa, wakajaliwa watoto watatu, Ilinca mwaka 1848, ndiye huyu anayewasomea, Tudor mwaka 1851, na Mihai mwaka 1854, ambao hakuna aliyewahi kutolewa zawadi kwa mtu yeyote.

Uhuru ulikuja mikono mitupu, bila ardhi wala tanuri, watu wakawa wanapanga kwa watawa shimo lilelile walilochimba wenyewe, na jambo lililomtesa marehemu kuliko yote ni kwamba Jumamosi Kuu iliyofuata, watu wakiwa huru kabisa kisheria, walikwenda barazani kwa miguu yao wenyewe, wakapiga magoti, wakamlilia Farao, na mbele yao wote akiwa mama yake mzazi. Kila mwaka walienda pamoja, binti amesimama na mama amepiga magoti kando yake, na kila mwaka walirudi nyumbani wakigombana njia nzima, na sisi watoto tukiwafuata nyuma tukiwa tumechoka nao wote wawili.

Mwezi Februari mwaka 1856, watumwa wa mabwana nao walipoachiwa huru, marehemu alivuka mto kwenda kumtafuta kaka yake, akauliza kwenye jumba alikopelekwa, akaambiwa kwamba Mihai alishapewa mtu mwingine, na huyo naye alimpa mwingine, na jumba la huyo wa mwisho liliuzwa na hakuna anayekumbuka, akarudi baada ya wiki tatu, viatu vimeisha, akamweleza mama yake. Tarehe 14 Aprili, Jumamosi Kuu, Stanca akajifunga kilemba chake aende kupiga magoti kama kawaida, na hapo marehemu uvumilivu ulimwisha, akamzuia mlangoni akamwambia, "Mama, mwanao amepotea, na bado unaenda kumlilia aliyempoteza? Una macho ya nini?" na Stanca, ambaye miaka yote hiyo tulidhani haelewi, akamjibu taratibu, "Voica, unafikiri sijauona ukuta? Niliuona kabla yako, yule ni mume wangu. Lakini ukiniondolea Farao, Mihai wangu nitasema alikwenda kwa sababu gani? Kwa dhambi naweza kuvumilia. Kwa bure siwezi." Marehemu alitoka mlangoni akampisha, jambo ambalo hapa mtaani halikuwahi kuonekana kabla wala baada.

Mwaka mzima hawakuzungumzia habari za Farao, na nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba baba aliuliza kama kuna mgonjwa. Tarehe 6 Aprili mwaka 1857, Jumamosi Kuu, walikwenda barazani kama siku zote, kisomo kikafika kwenye bahari, watu wakapiga magoti, na Stanca hakupiga magoti wala hakusimama, alikaa kwenye ngazi, akamwambia binti yake kwa hasira, "Haya, umeshinda, nimekaa, sasa nilie nini?" na marehemu akakaa kando yake akamwambia, "Mlilie Mihai, mama." Na bibi yetu alimlilia Mihai, kwa jina lake, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu kigari kile kilipoondoka miaka ishirini na minne kabla ya hapo, kwa maana miaka yote hiyo machozi yake alikuwa amempa mtu aliyekaa juu na joho la dhahabu. Tulikuwa watoto, na tuliogopa, na tunamshukuru Mungu kwamba tuliona. Stanca alifariki tarehe 2 Novemba mwaka 1859, na marehemu alimfunga kile kilemba cha Jumamosi Kuu, akisema sasa ni kilemba safi.

Marehemu aliendelea kufyatua matofali mpaka mwaka 1884 alipofiwa na mumewe Barbu, na aliendelea kuwachosha watu mpaka wiki iliyopita, alikuwa hawezi kupita mbele ya jengo jipya bila kuuliza nani alifyatua na nani atalala ndani, wajukuu wake saba wanaona haya kutembea naye mjini, aliwahi kumuuliza swali hilo mkuu wa wilaya siku ya kufungua ofisi yake mpya, mbele ya bendi, na mkuu wa wilaya, tunasikitika kusema, mpaka leo hajajibu. Kifua kilianza kumsumbua mwezi Novemba mwaka jana kwa sababu ya vumbi la tanuri, akalala kitandani tangu mwanzo wa Kwaresima, akipumua kwa shida na kubishana bila shida, na Jumanne tarehe 16 Aprili mwaka huu wa 1891, alfajiri, akiwa na wanawe wote watatu, aliuliza Jumamosi Kuu imebaki siku ngapi, akaambiwa nne, akasema, "Mnaona mambo haya," kama mtu aliyecheleweshwa na wengine, akafariki dunia.

Familia inamshukuru daktari aliyetoka mjini mara mbili kwenye barabara mbovu na akavumilia kuulizwa dawa hizi nani anazitengeneza, inawashukuru majirani walioleta kuni, ugali na mafuta ya taa, inawashukuru wafyatua matofali wenzake waliochimba kaburi wakalijengea kwa matofali mapya bila kuombwa, na inamshukuru baba padri aliyekubali, baada ya maneno mengi, kwamba jambo hili la mwisho lisomwe. Keshokutwa ni Jumamosi Kuu, kisomo kitasomwa, ukuta upo, moshi wa mishumaa umemchafua Farao lakini Oprea bado anaonekana vizuri na kidole chake kilichokatika, na sisi wanawe na wajukuu tutakuwa barazani, chini yake, hatutapiga magoti. Hatuwalazimishi, tumeshachoka kuwalazimisha, mama alifanya kazi hiyo kwa niaba yetu sote, tunawaomba tu kwamba kila mwenye mtu aliyechukuliwa, baba, kaka, mtoto wa dada, aje na jina lake, alilie jina hilo, na divai inyweni tu, inashuka vizuri hata kwa mtu aliyesimama.

Mama, umesimama peke yako miaka hamsini na mitano. Pumzika kwa amani, keshokutwa wewe lala, kusimama ni zamu yetu.